Mbele ya klimatizeri: dari, madirisha na miti kwa kalasi za Lubumbashi

Lubumbashi, mwezi wa kumi



Kila mwaka mwezi wa kumi ikifika, neno mu Lubumbashi ni moja: jua. Jacaranda zinatoa maua, mvua ya kweli bado, na joto inapanda mpaka digri 32 ao 33, siku zingine inapita hapo. Njo wakati ulizo inarudi kati ya wazazi: kalasi za watoto zinahitaji klimatizeri? Wengine wanacheka: «Hata kiti hakuna, munaongea klimatizeri!» Wengine wanasema masomo ya bei, pale muji kati, wanaiweka, basi juu ya nini watoto wa Katuba na Kenya wakose?

Sisi vijana tunajibu wazi. Joto mu kalasi ni shida ya kweli, inaiba akili ya mtoto saa kwa saa. Lakini klimatizeri haiwezi kuwa dawa ya kwanza mu muji yenye delestaji. Dawa ya kwanza iko mu nyumba yenyewe: dari, madirisha, kivuli, na hesabu ya watoto mu kalasi moja. Na feza ya kufanya ile kazi, sheria ilisha kuionyesha.

Tuanze na wenye kusema joto ni maneno ya watoto wa wazungu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya mitihani ya wanafunzi milioni 10 wa kule. Waliona mwaka wa masomo ukizidi joto kwa digri moja ya Fahrenheit, yaani karibu nusu digri yetu, mtoto anapoteza asilimia 1 hivi ya kile angejifunza mwaka ule. Na wenye kupoteza zaidi ni watoto wa familia maskini. Karibu na sisi, Sudani Kusini ilifunga masomo mu mwezi wa tatu 2024 juu ya joto, na mu mwezi wa pili 2025 ikafunga tena kisha wanafunzi kuanguka mu kalasi kule Juba. UNICEF ilihesabu kwamba mwaka 2024 wanafunzi milioni 242, mu inchi 85, walikatiwa masomo juu ya mambo ya hali ya hewa, na joto kali njo iliongoza.

Lubumbashi haiko Juba, ni kweli. Tuko juu, karibu metre 1 200, na mwezi wa sita tunavaa makoti. Lakini angalieni kalenda. Masomo inafunguliwa mwezi wa tisa. Joto kubwa inafika mwezi wa kumi, wakati mtoto wa mwaka wa kwanza anaanza kushika herufi. Mitihani ya mwisho inafanyika wakati wa baridi, kwa hiyo ile hasara hakuna mwenye kuiona. Mtoto akianguka mwezi wa sita, tunasema hana akili, na tunasahau msingi wake ulijengwa mu jiko.

Na jiko ile tunaijenga sisi wenyewe. Ingia mu kalasi nyingi za Ruashi, Kampemba ao Annexe: mabati juu ya kichwa, bila dari. Saa sita jua inapiga mabati, na mabati inarudisha moto kwa watoto. Madirisha ni ndogo, na mara nyingi iko upande moja tu, basi upepo hauna pa kutokea. Kisha kuna watoto wenyewe. Mtu akikaa kimya, mwili wake unatoa joto karibu wati 100. Mtoto anatoa chini kidogo. Weka watoto 70 mu kalasi moja: ni kama kuwasha pasi ine ao tano na kuziacha mu chumba mpaka saa ya kutoka.

Masomo ya msingi ya bure, yenye ilianza mwezi wa tisa 2019, ni haki. Katiba inaiandika mu kipengele cha 43. Ilirudisha mu masomo watoto wengi wenye walikuwa barabarani. Hatutaki kurudi nyuma. Tunasema tu: kufungua mulango bila kuongeza vyumba ni kuwaita wageni kwenye nyumba isiyo na pa kukaa.

Sasa klimatizeri. Itawaka na nini? Line ya Inga ilivutwa karibu kilometre 1 700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya mines, ikipita juu ya vijiji vyenye giza. Mwadingusha na Koni, ku mto Lufira, zilijengwa pia kwa ajili ya shaba. Leo hata mines zenyewe zinanunua umeme Zambia. Raia wa kartie anabaki na kura ya saa chache, ao na mushumaa. Klimatizeri bila kura ni sanduku ku ukuta. Na kalasi bila dari, hata kura iwe, baridi yote inatoka kupitia mabati.

Lakini mutu asichukue maneno yetu kwa kusema watoto maskini hawastahili klimatizeri. Mu biro za wakubwa inawaka, na hakuna mwenye kuuliza kama ni lazima. Mtoto wa raia anastahili hewa nzuri kama wao. Tunachosema ni ngazi: anza na kile kinafanya kazi kila siku, hata kura ikikatwa.

Wazee wetu waliyajua haya. Nyumba nyingi za zamani za mission na za Union Minière ziko mpaka leo: matofali ya kuchoma, dari ya juu, barza ndefu, miti ya miembe uwanjani. Ingia pale saa saba, utasikia tofauti. Na Burkina Faso, kwenye joto kuliko kwetu, Francis Kéré alijengea kijiji chake Gando masomo ya msingi, yakamalizika 2001: matofali ya udongo, dari yenye kupitisha hewa, na mabati iliyoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati. Hakuna klimatizeri. Mwaka 2022 alipewa Pritzker, zawadi kubwa ya wajenzi wa dunia, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Tena dari inafanya kazi mbili. Mwezi wa kwanza mvua ikipiga mabati tupu, mwalimu anafunga kitabu, hakuna mwenye kumusikia. Dari inapunguza joto ya mwezi wa kumi na kelele ya mwezi wa kwanza.

Feza? Code minier ya 2018, kipengele cha 242, inagawanya redevance: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekteri ao shefferi kwenye mine iko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kila kompanyi inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Haut-Katanga haiwezi kukosa feza ya dari.

Na mikono iko. Tulimaliza université, kati yetu kuna wajenzi, wa umeme, wa kilimo, na tunazungusha CV mwaka wa pili, wa tatu. Tupeni kazi ya kupima kalasi, ya kupanda miti, ya kusimamia chantier.

Kwa hiyo tunadai:

1. Jimbo litangaze, mbele ya mwisho wa mwaka huu wa masomo, liste ya kalasi za serikali zisizo na dari, komini kwa komini.
2. Komini zenye kupata ile asilimia 15 zibandike ku mulango wa biro feza zilizoingia na kazi zilizofanyika.
3. Hakuna kalasi mupya ya feza ya raia bila dari, bila madirisha pande mbili, bila barza.
4. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wasome asubui, si mchana.
5. Maji ya kunywa na miti ya kivuli mu kila uwanja wa masomo.

Wazazi, musingoje sisi. Kwenye mkutano wa wazazi, inua kichwa, angalia juu. Ukiona mabati, uliza: dari yetu iko wapi?