Mashine ya Presha Uliyonunua Kariakoo Ifike Kliniki

Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo aliacha dawa zake za presha kwa miezi miwili. Hakuishiwa fedha, wala hakusahau. Kijana wa duka la jirani alimwekea programu kwenye simu, na kila alipoweka kidole juu ya kamera, kioo kilimwandikia 120 kwa 80, au tarakimu za karibu na hizo. Alipofika kwangu kwa maumivu ya kichwa, mashine ya kliniki ilisoma 186 kwa 112. “Daktari,” aliniambia, “labda mashine yenu ndiyo mbovu. Simu yangu haijawahi kunidanganya.”

Sikumlaumu. Simu hiyo hiyo humpokelea malipo ya wateja na kumhifadhia hesabu za duka. Kwa nini asiiamini inapozungumzia damu yake?

Anayepita Msimbazi au mtaa wa Aggrey leo ataona mashine za presha zimepangwa pamoja na chaja, spika na saa janja. Sioni ubaya wa mgonjwa kujipima nyumbani. Naona faida kubwa. Lakini msimamo wangu ni huu: mashine ya presha hubaki bidhaa ya dukani mpaka siku itakapolinganishwa na ya kliniki, na kazi ya kuilinganisha ni yetu watoa huduma.

Kabla ya kulipa

Mashine ya presha hujaza hewa kwenye mkanda, ukabana mshipa wa mkono. Hewa inapopungua, kifaa hupima mitetemo ya mshipa huo na kukokotoa presha. Kamera ya simu haibani chochote. Huona mabadiliko ya rangi kidoleni kadiri damu inavyopita, na kwa njia hiyo yaweza kuhesabu mapigo ya moyo. Presha ni jambo jingine. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuipima programu moja ya simu iliyokuwa imepata wanunuzi wengi: takriban watu wanne kati ya watano wenye presha ya juu waliambiwa kwamba hawana. Saa janja nazo zina kasoro zake. Zile zinazokadiria presha kwa kawaida huhitaji kurekebishwa mara kwa mara kwa mashine yenye mkanda. Saa au pete inayodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi usiinunue kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vifaa hivyo mwaka 2024.

Chagua mashine ya mkanda unaofungwa juu ya kiwiko. Ile ya kifundo cha mkono hukosea kirahisi mkono usipolingana na usawa wa moyo. Kabla ya kwenda dukani, zungushia futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayouzwa pamoja na mashine hufaa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32; ukizidi hapo, ulizia mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko iliyopo, na mtu aweza kuongezewa dawa asizozihitaji. Andika jina na namba ya toleo la mashine, kisha umwombe mtoa huduma wako aitafute katika orodha ya vifaa vilivyothibitishwa, kama ile ya STRIDE BP inayopatikana mtandaoni. Dai risiti, ili kifaa kikiwa na kasoro ujue pa kukirudisha.

Nyumbani

Usijipime ukiwa umetoka kupanda ngazi za ghorofa au kubeba mzigo. Kwa nusu saa kabla ya kipimo, acha kahawa, sigara na kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa nne, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Mkanda ukae juu ya ngozi. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni, kwa siku saba kabla ya kuja kliniki.

Andika kila kipimo, tarehe na saa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na presha ni hivyo hivyo, hasa pale mashine moja inapotumiwa na nyumba nzima. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, tuone. Usipunguze wala kuongeza dawa kwa uamuzi wako. Ukipata 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, au kubadilika kwa usemi au uoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wenzangu watoa huduma

Nami nimewahi kumwambia mzee mmoja aweke pembeni daftari lake. Mashine yangu ilisoma juu, nikamwongezea dawa. Baada ya wiki mbili alirudi na kizunguzungu, presha yake 98 kwa 60. Nilipolisoma daftari lake hatimaye, niliona kwamba nyumbani presha yake ilikuwa ya kawaida siku zote. Ilikuwa ikipanda mbele ya koti langu jeupe tu.

Tangu hapo humwomba kila mgonjwa aje na mashine yake. Akishapumzika, tunapima mkono ule ule kwa zamu, yake na yetu, mara kadhaa. Wastani ukipishana kwa zaidi ya milimita 10 za zebaki, namshauri asiitegemee. Tunarudia zoezi hili kila mwaka, na mashine ya kliniki nayo lazima iwe imehakikiwa. Tuwe waangalifu zaidi kwa wajawazito, ambao huhitaji kifaa kilichothibitishwa kwa ajili yao, na kwa wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Zoezi hilo huchukua kama dakika kumi. Najua foleni za kliniki zetu, ndiyo maana napendekeza kila kliniki ya presha itenge siku moja kwa mwezi kwa kazi hiyo, ifanywe na muuguzi aliyefunzwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ina jukumu la kudhibiti vifaa hivi sokoni. Lakini kifaa kikishaingia nyumbani, anayeweza kumwambia mgonjwa kwamba kinamfaa au hakimfai ni mimi na wewe.

Mama wa vitenge alirudi kwenye dawa zake. Mwezi uliofuata alikuja na mashine ya mkanda, ikiwa bado ndani ya boksi. “Ipimeni kwanza,” alisema, “ndipo nami nijipime.”