Mchezaji Akiumia, Tumuulize Nani?

Usiku wa Januari 18, 2024, jijini Abidjan, Mohamed Salah aliketi chini muda mfupi kabla ya mapumziko, akaomba kutoka. Misri ilikuwa ikicheza na Ghana katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na nahodha wake alikuwa ameumia nyama za paja. Siku chache tu baadaye jeraha hilo moja lilikuwa limeshatangaziwa muda wa aina mbili. Shirikisho la soka la Misri lilisema atakosa mechi 2. Wakala wa Salah akasema jeraha ni kubwa kuliko lilivyodhaniwa, na kwamba atakaa nje kwa siku 21 hadi 28. Salah akarudi Liverpool kutibiwa, na nyumbani kwao maneno yakaanza: nahodha gani huyu anayeiacha timu katikati ya mashindano? Mashabiki wa Liverpool nao, wakiwamo wengi wa huku kwetu, walikuwa na hesabu zao. Timu yao ilikuwa inaongoza ligi, na walimtaka mtu wao haraka.

Januari 28 Misri ikatolewa na DR Congo kwa penalti mjini San-Pédro. Februari 17 Salah akaingia akitokea benchi dhidi ya Brentford, akafunga bao, na kila mtu akaamini amepona. Siku 8 baadaye, Liverpool ilipocheza fainali ya Kombe la Ligi na Chelsea pale Wembley, hakuwamo. Paja lilikuwa limemsumbua tena.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina kila kitu tunachokiona mchezaji anapoumia: muda unaotangazwa mapema mno, makundi mawili ya mashabiki yanayomgombania mtu mmoja, tuhuma dhidi ya moyo wake, na furaha ya kurejea iliyodumu kwa wiki moja. Kote humo swali lilikuwa lilelile: atarudi lini? Naamini hilo ndilo swali tunalolipenda kuliko yote na linalotusaidia kidogo kuliko yote.

Tatizo lake ni kwamba maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi. Msuli wa paja uliochanika huziba kwa kovu, na mchezaji anaweza kutembea, kukimbia taratibu, hata kupiga mpira, bila kusikia chochote. Akiulizwa atasema yuko fiti, na hatakuwa anadanganya. Ila paja hilo halijajaribiwa kwa mbio za kasi ya mwisho dakika ya 80, mwili ukiwa umechoka. Utafiti wa muda mrefu wa UEFA kuhusu klabu kubwa za Ulaya, unaoongozwa na Profesa Jan Ekstrand wa Sweden, ulionyesha kwamba kati ya msimu wa 2001/02 na ule wa 2021/22 majeraha ya nyama za nyuma ya paja yalipanda kutoka asilimia 12 ya majeraha yote hadi asilimia 24. Karibu 18 katika kila 100 yalikuwa ni ya kujirudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yalitokea ndani ya miezi 2 tangu mchezaji aliporejea. Hizo ni klabu zenye madaktari, mashine na fedha za kila aina.

Goti ni kali zaidi. Mchezaji akikata ligamenti ya katikati ya goti, daktari humwekea kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, na kano hiyo hupitia kipindi cha udhaifu kabla ya kukomaa. Watafiti wa Norway waliofuatilia wanamichezo waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo waliona kwamba kila mwezi wa ziada ambao mtu alisubiri kabla ya kurejea, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kwa karibu nusu hatari ya kuliumiza goti tena. Ronaldo wa Brazili aliyajua hayo kwa uchungu: alirejea Inter Aprili 12, 2000, katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, na goti lilelile likaachia dakika chache tu baada ya kuingia. Dunia inakumbuka mabao yake 8 ya Kombe la Dunia 2002. Miaka miwili iliyotangulia mabao hayo haizungumzwi sana.

Sasa turudi nyumbani. Februari 2024 mashabiki wa Yanga walipaka nywele rangi kumuenzi mchezaji wao Pacôme Zouzoua, na siku hiyo timu yao ikaichapa CR Belouizdad 4-0 na kufuzu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi uliofuata Pacôme akaumia katika mechi ya ligi dhidi ya Azam. Machi 30, Mamelodi Sundowns walipotua Benjamin Mkapa, yeye na mwenzake Khalid Aucho hawakuwamo, na mechi ikaisha 0-0. Kila aliyeufuatilia mpira wetu siku zile anajua vijiwe vilikuwaje: yupo, hayupo, amefichwa makusudi, anaanza, anakaa benchi.

Hapo hali ilikuwa ya heri, kwa sababu Pacôme alikuwa kipenzi. Mchezaji asiyependwa hana bahati hiyo. Akikaa nje wiki mbili bila maelezo, maelezo hutengenezwa. Amegoma, anaidai klabu. Anataka kuuzwa. Amelogwa. Ana pancha za kujitakia kwa sababu ya starehe. Nimeyasikia yote haya katika vibanda umiza, tena yakisemwa na watu wenye akili timamu na mapenzi ya kweli na timu yao. Siwalaumu wao kwanza. Klabu ikinyamaza, au ikitoa taarifa ya mstari mmoja kwamba fulani atakuwa nje kwa wiki 2, halafu wiki ya 6 ikafika hajaonekana, imempa shabiki sababu ya kudhani anadanganywa. Hasira hiyo haimfikii ofisa aliyeandika taarifa. Humfikia kijana mwenye plasta gotini, kwenye simu yake, usiku.

Kuna wanaosema basi klabu ziweke kila kitu hadharani. Hoja yao ina uzito. Shabiki hununua tiketi, jezi na kadi ya uanachama, husafiri kwa basi usiku kucha kuifuata timu, na kuna nchi zilizokwenda mbali katika jambo hili. Ligi ya NFL ya Marekani huzilazimisha timu kutoa ripoti ya majeruhi kila wiki: nani amefanya mazoezi, nani hakufanya, nani ana shaka ya kucheza. Lakini kanuni hiyo ina uhusiano mkubwa na kamari. Inazuia wachache wenye siri za kambini kuzitumia kupata fedha. Kwetu, ambako vijana wengi huweka mkeka kabla ya kunywa chai, ni lazima tujiulize tunataka habari ya goti la mtu kwa ajili gani. Picha ya goti lake inaweza kumpunguzia thamani anapojadili mkataba mpya, na inaweza kumwonyesha beki wa timu pinzani mahali pa kumgusa. Kadi yangu ya uanachama inanipa haki mbele ya klabu. Haijanipa haki juu ya mwili wa mchezaji.

Kwa hiyo mpaka ninaoupendekeza ni huu: kwa ridhaa ya mchezaji, klabu iseme ni sehemu gani ya mwili iliyoumia, kama kuna upasuaji, na ametoka hatua gani ameingia ipi, kwa mfano kutoka mazoezi ya peke yake hadi mazoezi na wenzake. Tarehe isitajwe mpaka ajaribiwe. Vipimo, picha na historia yake vibaki kwake na kwa daktari wake.

Ila mjadala wa mashabiki unaweza kufanya kazi kubwa zaidi ya kungoja taarifa, na mfano mzuri ninaoujua unatoka kwa wanawake. Msimu wa 2022/23 Arsenal ilipoteza wachezaji 4 kwa jeraha lilelile la ligamenti ya goti: Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither. Mashabiki wangeweza kubaki wanahesabu miezi. Badala yake wengi waliuliza ni kwa nini jeraha hili huwapata zaidi wanawake, kama viatu vilivyochongwa kwa miguu ya wanaume vina mchango, ratiba ikoje, na fedha za utafiti ziko wapi. Mwaka 2024 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kwa kushirikiana na wenzake Uingereza, kilianzisha mradi maalumu wa kuchunguza majeraha hayo. Sisemi mashabiki peke yao ndio walioleta mradi huo. Nasema kelele zao zilikuwa zimeelekezwa mahali panapostahili.

Utafiti wa UEFA una matokeo mengine ambayo mashabiki wetu wangeyafahamu wangeyashika kwa mikono miwili: klabu ambazo daktari na kocha mkuu hawaelewani vizuri hupata majeraha makubwa mengi zaidi. Maana yake huenda baadhi ya pancha zinahusiana na namna klabu inavyoendeshwa, na uendeshaji ni jambo ambalo mwanachama ana haki kamili ya kulihoji. Simba na Yanga zina mikutano mikuu ya wanachama. Pale anaweza kusimama mtu akauliza: daktari akisema hapana na kocha akisema ndiyo, nani mwenye neno la mwisho? Msimu uliopita wangapi waliumia mahali palepale mara ya pili? Mchezaji anayesajiliwa hupimwa na nani, na kipimo hicho kinatunzwa wapi? Timu ya wanawake na ile ya vijana zina mtaalamu wa viungo wa kwao, au zinaazima wa wakubwa akipata nafasi? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalohitaji jina la mchezaji kutajwa.