MWENDESHA SANAA NAYE APEWE NAFASI YAKE

Kila mwaka vijana wetu humaliza masomo ya sanaa, na kila mara swali linaloulizwa ni lile lile: huyu aliyejifunza kupiga ngoma, kuigiza au kuchora, atakula nini? Lipo swali jingine ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni hili: nani ataendesha vikundi, kumbi na matamasha ambamo vijana hao watapata kazi? Sisi tunaona kwamba swali la kwanza haliwezi kujibiwa kabla ya hili la pili.

Watu wengi hudhani kuwa kuendesha shughuli za sanaa ni kazi ya ziada, ambayo aweza kupewa mtu yeyote aliyekosa nafasi mahali pengine. Dhana hiyo ni potofu. Mwendeshaji ndiye anayetafuta fedha, anayetengeneza bajeti, anayefunga mikataba na anayehakikisha kwamba wasanii wamelipwa haki yao kwa wakati. Kazi hiyo ina elimu yake. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kilianza kuifundisha mwaka 1966, na vyuo vingine vingi vimefuata.

Matunda ya elimu hiyo yanaonekana katika kazi za wale waliohitimu. Rachel Moore alikuwa mchezaji wa kawaida katika kundi la American Ballet Theatre la New York miaka ya 1980, hadi alipoumia akaacha kucheza. Alirudi darasani, akapata shahada ya uendeshaji wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 2004 kundi lile lile likamkabidhi uongozi. Aliushika mpaka mwaka 2015 alipokwenda kuongoza The Music Center, Los Angeles. Naye Teresa Eyring, aliyesomea uendeshaji wa michezo ya kuigiza Yale, mwaka 2007 alishika uongozi wa Theatre Communications Group, jumuiya inayounganisha majumba ya michezo ya kuigiza ya Marekani nzima. Katika vyeo hivyo, sifa yao haikutokana na kupanda jukwaani. Ilitokana na kuwawezesha wengine kupanda jukwaani na kulipwa.

Hapa kwetu Tanzania, thamani ya sanaa ilitambuliwa mapema. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa. Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa ilipitishwa mwaka 1984. Hatuwezi kusema kwamba wasanii hatuna. Tulichopungukiwa ni watu waliosomea kuwaendeshea kazi zao.

Tamasha la Sauti za Busara ni funzo tosha. Lilianza Zanzibar mwaka 2004, likawavuta wanamuziki na wageni kutoka pande nyingi za dunia. Pamoja na sifa zote hizo, mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Wanamuziki walikuwapo, wapenzi wa muziki walikuwapo, na Ngome Kongwe ilikuwa pale pale. Mwaka 2017 tamasha lilirejea. Ikiwa tamasha lenye waandaaji wazoefu laweza kukwama hivyo, tutegemee nini kwa kikundi cha ngoma cha wilayani ambacho hesabu zake zimo mfukoni mwa kiongozi wake?

Wapo watakaouliza: nchi ina mahitaji makubwa ya walimu na waganga, iweje tuzungumzie wasimamizi wa ngoma? Jibu letu ni kwamba msanii naye ana watoto wanaosoma na wagonjwa wanaohitaji dawa. Kikundi kinapovunjika kwa hesabu mbovu au mkataba mbaya, familia nyingi hukosa riziki. Aidha, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wasanii. Mkopo hauna faida kwa mtu asiyejua kupanga matumizi na kuweka kumbukumbu. Utageuka kuwa deni tu.

Kwa hiyo tunatoa mwito. Kwanza, halmashauri zote zihakikishe kwamba kazi ya Afisa Utamaduni inashikwa na mtu aliyeisomea, na kwamba anapewa fungu la fedha la kufanyia kazi. Afisa asiye na fungu hubaki kuandika taarifa na kukaribisha wageni siku za sherehe. Pili, vyuo vya sanaa vitilie mkazo hesabu, mikataba na hakimiliki sawa na ngoma na uigizaji. Tatu, vyuo vifuatilie wahitimu wao na kuwaeleza wananchi walikofika. Wasihesabiwe kwa vyeo. Wahesabiwe kwa vikundi vilivyo hai miaka mitano baada ya wao kuvishika, na kwa wasanii waliolipwa walichoahidiwa.

Kwenu wahitimu, nanyi mnao wajibu. Msingojee meza na kiti Dar es Salaam. Huko wilayani viko vikundi vyenye vipaji vikubwa ambavyo havijapata kuwa hata na daftari la mapato na matumizi. Mkianzia huko, hakuna atakayeuliza tena elimu yenu ina faida gani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini tuzo lisipowekwa vizuri, mchezaji hurudi nyumbani mikono mitupu. Umefika wakati wa kumthamini yule anayeliweka.