Wiski Changa na Marashi Yetu

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa huu, unaosomwa zaidi na Waislamu wa mwambao, ukizungumza habari za wiski. Na ashangae, lakini asilikunje gazeti. Kileo ni haramu kwetu, na hatukusudii kukionja wala kukisifu. Tunalolitazama ni kazi inayofanywa kabla ya kitu kufika kinywani, na jinsi jina la kitu hicho linavyolindwa kikishatoka kiwandani. Katika hilo la pili watu wa Scotland wametuacha mbali sana, hali ya kuwa chombo chenyewe wanachokitumia kilipita katika mikono ya Waislamu kabla ya kufika kwao.

Tuchukue mfano wa Islay, kisiwa cha magharibi ya Scotland chenye watu wapatao 3,000. Mwaka 2005 Bwana Anthony Wills alianzisha huko kiwanda kidogo shambani, kiitwacho Kilchoman. Kilikuwa kiwanda kipya cha kwanza cha wiski kujengwa kisiwani humo baada ya miaka 124. Sehemu ya shayiri yake hulimwa pale pale. Huroweshwa, hutandazwa sakafuni ichipue iwe kimea, kisha hukaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa mabwawani unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Kimea husagwa, hutiwa maji ya moto, kisha hamira, na kikishachachuka hukenekwa mara mbili katika mitungi mikubwa ya shaba. Kinachotonea ni cheupe kama maji. Cha mwanzo hakitakiwi, na cha mwisho vile vile. Kinachochukuliwa ni cha katikati, ambacho wenyewe hukiita moyo.

Hapo ndipo tajiri anapoanza kuhangaika. Sheria inasema kitu hicho hakiwezi kuitwa wiski ya Scotland mpaka kilazwe katika mapipa ya mti wa mwaloni, yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na humo humo nchini Scotland. Kila mwaka kiasi cha asilimia mbili huyeyuka na kupotea hewani. (Wao husema ni fungu la malaika. Malaika gani hao, sisi hatuwajui.) Kwa miaka mitatu mtu analipa mishahara, ananunua kimea na mapipa, na wiski ya kuuza hana. Wengine hukimbilia kutengeneza jini, kwa kuwa hiyo haihitaji kulazwa. Kilchoman ilitoa wiski yake ya kwanza mwaka 2009, ingali changa ya miaka mitatu, katika soko lililozoea chupa za miaka 10 na 12.

Nambari ya miaka ikiandikwa juu ya chupa, basi kwa sheria ni lazima iwe ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa ndani. Ukitia kijiko kimoja cha miaka mitatu katika pipa la miaka 30, chupa hiyo ni ya miaka mitatu. Tangu mwaka 2012 ile wiski ya kimea kitupu inayotoka kiwanda kimoja hairuhusiwi hata kutolewa Scotland na kutiwa chupani kwingine. Anayeona kwamba huku ni kujisumbua bure akumbuke Mei 2014 hapa Kenya, makumi ya watu walipokufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Kunywa kwao ni jambo la wao na Mola wao, lakini walichouziwa hakikuwa kile walichoambiwa.

Na waonjaji nao hufanya nini? Hili ndilo lililotuvutia zaidi. Mjuzi wa kuchanganya wiski hafanyi kazi kwa ulimi, hufanya kwa pua. Huizimua kwa maji mpaka nguvu yake ishuke karibu asilimia 20, akainusa, akaandika, akaendelea na bilauri nyingine, na yumkini siku ikamalizika bila ya yeye kumeza chochote. Katika wiski changa hutafuta harufu ya shayiri yenyewe, ya peya na ndimu, ya vanila inayotoka katika mapipa yaliyokwisha tumiwa Marekani, na moshi ambao ungali mkali kwa kuwa miaka haijautuliza. Husema kwamba changa haina pa kujificha. Ile kongwe mbao huisitiri, bali hii humwonyesha mtengenezaji jinsi alivyo, kama alikata moyo wake mahali pake au alikuwa na tamaa.

Basi tukiambiwa habari za pua, sisi wa mwambao tungeshangaa kwa nini? Nani aliyemfundisha mama wa Lamu au wa Mombasa kuchuma asumini jioni ingali vikonyo, ili ifunguke usiku? Nani aliyempimia mkadi, mrehani na mawaridi ya kikuba, hata moja lisilimeze jingine? Mwenye kufukiza udi hutambua kwa moshi wa mwanzo tu kama alichouziwa ni udi au ni vumbi la mbao lililomwagiwa mafuta. Ujuzi huo haujaandikwa popote. Akifa mwenyewe unazikwa naye, na binti yake ananunua chupa ya dukani.

Chombo nacho kina nasaba yake. Mtungi wa kukeneka Wazungu waliuita kwa neno la Kiarabu, al-anbiq, nao Waarabu walikuwa wamelipata kwa Wayunani. Katika karne ya 9 Al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu kizima juu ya utengenezaji wa marashi na kukeneka. Hata neno alkoholi asili yake ni al-kuhl, yaani wanja, huu huu wa machoni. Maana yake ilihama kutoka unga laini ikawa kiini cha kitu, hatimaye ikawa roho ya mvinyo. Scotland inatajwa katika hesabu za hazina ya mfalme za mwaka 1494 hadi 1495, pale mtawa mmoja, John Cor, alipopewa kimea cha kutengenezea alichokiita maji ya uhai, jina ambalo sisi tusingekipa.

Asiyeamini kwamba mtungi huo una kazi ya halali aende Oman, kwa jamaa zetu wa Jabal Akhdar. Majira ya mawaridi, karibu na Aprili, watu wa vijiji vya mlimani huyachuma alfajiri, huyatia katika vyungu ndani ya tanuri za udongo, na juu yake huweka chombo cha maji baridi ili mvuke ugande na kutonea. Maji hayo huwekwa yatulie siku nyingi kabla ya kutumiwa katika halua na kahawa. Nayo yana moshi! Rangi yake imekoza, na harufu yake ina kuni ndani yake, kama vile wiski ya Islay ilivyo na mboji. Aliyeizoea hadanganyiki na nyingine.

Sasa rudi dukani kwetu. Chupa imeandikwa mawaridi, ina picha ya ua jekundu, na pengine ndani yake hamna ila maji na matone ya kiini kilichotengenezwa maabara. Hatusemi kwamba ni dhambi kuyauza. Ya kupanguzia mikono yanatosha. Lakini hayo na yale yaliyokenekwa katika mtungi yamekaa rafu moja kwa jina moja, na mwenye kukeneka kwa haki hana njia ya kumwonyesha mnunuzi kwa nini yake ni ghali. Ataendelea mpaka lini? Wanywaji wa wiski wanalindwa wasiuziwe ya miaka miwili kwa jina la ya mitatu, na sisi tunaonunua marashi ya kumnyunyizia maiti wetu, ya maulidi na ya bibi harusi, hatuulizi hata ua lilitoka wapi.

Tunayoyataka ni machache. Chupa iseme kama yaliyomo yamekenekwa au yamechanganywa. Iseme ua gani, la nchi gani na la msimu wa mwaka gani. Wenye mamlaka ya viwango wanaweza kulitia hilo katika kanuni, ila hakuna haja ya kuwangoja. Mwenye duka wa kwanza atakayebandika karatasi hiyo juu ya chupa zake atuletee moja hapa ofisini. Hiyo tutaionja.