Kitambi si cheo, na kupungua mwili hakuuzwi kwenye kopo

UKIPITA sokoni Rumonge, au ukisimama na wafanyabiashara wanaoteremka kutoka Bugarama kuelekea Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina, hutakosa kusikia sifa hii: "Siku hizi umenawiri, mwili umekubali." Anayesifiwa hucheka. Kitambi kwetu kimekuwa cheti cha kuonyesha kwamba shida zimekwisha.

Sifa hiyo ina chimbuko lake, na si haki kuidharau. Wapo waliokimbia mwaka 1972 wakalelewa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wapo waliokimbia mwaka 1993. Wapo waliorundikana Kagunga mwaka 2015, wakasombwa na meli ya MV Liemba hadi Kigoma na kuishia Nyarugusu na Nduta.

Huko kambini chakula kilikuwa cha kupimiwa: unga, maharagwe, mafuta kidogo na chumvi. Mwaka 2017 mgao ulipunguzwa kwa sababu ya uhaba wa fedha, na mwaka 2023 ukafikia nusu ya kiwango kinachotakiwa. Mtu aliyepanga foleni ya unga kwa miaka hawezi kulaumiwa akifurahia sahani iliyojaa.

Hata hivyo, wakati umefika wa kuambiana ukweli. Unene uliopita kiasi huleta kisukari na shinikizo la damu, na maradhi haya hayabishi hodi. Mtu hujiona mzima, anabeba magunia na kuvuka mpaka, hadi siku anapoanguka kwa kiharusi. Hapo mtaji wa familia nzima huishia hospitalini.

Wapo watakaosema kwamba tatizo la Burundi ni njaa, si unene. Ni kweli kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Lakini njaa na unene vinaweza kukaa nyumba moja. Mtoto amedumaa kwa kukosa lishe, na mama yake anazidi uzito kwa kushiba wanga na mafuta pekee.

Zaidi ya hapo, mwili uliowahi kuona njaa una tabia yake. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 walijitolea kula nusu shibe kwa wiki 24 ili wanasayansi wajifunze. Walipopungua takriban robo ya uzito wao, waliruhusiwa kula tena. Wengi walikula bila kushiba, na mafuta mwilini yakarudi kupita yale ya mwanzo.

Ndugu msomaji uliyerejea, hapo kuna fundisho letu sote. Anayejinyima chakula kwa wiki mbili ili apungue anaufundisha mwili kwamba njaa imerudi. Akianza kula tena, mwili unaweka akiba. Ndiyo maana wengi hupungua kilo tano na kurudisha saba.

Kisha ipo biashara ya njia ya mkato. Vidonge na majani ya "kukatisha mafuta" huvuka mipaka kama sabuni, vingi bila maelezo ya kilichomo. Dawa ya sibutramine, iliyotumika kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo. Tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Majani mengine huharisha tu. Anayeharisha hupoteza maji, mafuta yakabaki pale pale.

Nawaomba wafanyabiashara wenzetu wa mpakani: bidhaa usiyojua kilichomo usimuuzie jirani yako. Faida yake ni ndogo kuliko lawama yake.

Njia inayodumu inajulikana, na imepimwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa wanakaribia kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki, kwa lengo la kupunguza asilimia saba ya uzito. Hatari ya kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin hatari ilipungua kwa asilimia 31. Mtu wa kilo 90 anahitaji kupunguza kilo sita tu na kidogo. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba kama mwanamitindo.

Na sisi wa ukanda wa ziwa tumejaliwa. Tuna mukeke na ndagala, maharagwe, lengalenga, sombe, mapapai na maembe. Chakula cha kupungua mwili si cha wazungu, kiko sokoni kwetu. Tatizo ni namna tunavyokipika na kukigawa kwenye sahani.

Chukua mawese, fahari ya Rumonge. Mawese mekundu yana vitamini A, na sitaki mtu yeyote ayatupe. Lakini gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kalori 120. Pimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye chupa. Ndagala wachemshwe na nyanya na kitunguu, wasizamishwe kwenye karai la mafuta kila siku. Mboga na maharagwe vichukue nafasi kubwa ya sahani, na bugali ndogo.

Vinywaji ndivyo vinavyotudanganya zaidi. Soda moja ina takriban vijiko vinane vya chai vya sukari. Primus kubwa ina karibu kalori 300, na ni nadra mtu kuishia moja. Mwenye kuvuka mpaka mara tatu kwa wiki, akinywa soda mbili kila safari, anakunywa vijiko karibu 50 vya sukari. Chupa ya maji safi na chakula cha kubeba kutoka nyumbani vingeokoa afya na pesa pia.

Mwendo nao tumeuacha. Baba zetu walipanda miteremko ya Mumirwa kwa miguu. Leo tunapanda pikipiki kwenda mtaa wa pili. Uhaba wa mafuta ya magari ulipotubana mwaka 2024, wengi walilazimika kutembea, na hawakufa. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatosha kuanzia.

Asiye na mzani achukue kamba. Ipime iwe sawa na urefu wako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Isipokutana, tumbo limezidi. Rudia kila mwezi. Mjamzito au anayenyonyesha asijaribu kujipunguza, na anayetumia dawa za kisukari au presha azungumze na daktari kwanza, kwani kipimo cha dawa huenda kikabadilika.

Lipo jambo moja tunaloweza kulibadilisha bila gharama, nalo ni ulimi. Mtu akipungua, tunanong'ona: ana maradhi gani? Amefilisika? Wengi waliokwisha anza vizuri huacha kwa kuogopa minong'ono hiyo. Mama anayepunguza mafuta jikoni anahitaji mume anayemuunga mkono na wifi asiyemcheka.

Vituo vya afya navyo visiishie kupima watoto na wajawazito. Siku ya soko, meza moja yenye kipimo cha presha na mzani ingewafikia mamia ya watu wazima ambao hawaingii zahanati hadi waanguke.

Tulirudi nyumbani ili tuishi. Ardhi tunaigombania, mtaji tunautafuta usiku na mchana. Itakuwa hasara kubwa kama tutavipata vyote na kukosa miguu ya kuvitembelea. Tusipoziba ufa, tutajenga ukuta.