Mgeni Aje, Lakini Taka Zake Zisituuguze

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika mkoa wetu wa Kilimanjaro methali hii imetimia kwa familia nyingi. Makumi elfu ya wageni hupanda mlima kila mwaka, na kila kundi la wageni hupanda na vijana wetu: waongoza watalii, wapishi na wapagazi. Karo za watoto wengi wa Marangu, Machame, Umbwe na Moshi mjini zimelipwa kwa jasho hilo. Hatuna sababu ya kumnung'unikia mgeni.

Hata hivyo, mgeni hula, hunywa, huenda chooni, na betri za tochi yake huisha. Safari ya siku sita au saba huacha makopo, chupa, vifungashio vya tambi na biskuti, mitungi midogo ya gesi, karatasi za chooni na mabaki ya chakula. Maoni yetu ni haya: taka zikishushwa hadi lango la hifadhi, kazi haijaisha. Zimetoka mlimani na kuingia vijijini na mjini kwetu. Zisipotengwa na kupelekwa panapostahili, zitatuletea maradhi.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo utaratibu wake ni kwamba kinachopandishwa kishushwe, na taka hupimwa kwa mizani. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia Juni 1, 2019, ingawa vifungashio vya vyakula vya viwandani viliachwa. Hayo yote ni mema. Lakini mizani hupima uzito tu. Haisemi mfuko ule utaishia kiwandani, shimoni au korongoni.

Kanuni peke yake huweza kupotoka. Nchini Nepal, tangu mwaka 2014, kila aliyepanda mlima Everest alitakiwa kushuka na kilo 8 za taka, la sivyo apoteze dhamana ya dola 4,000. Wengi walirudishiwa fedha zao kwa kuokota taka za kambi za chini, huku za kambi za juu zikibaki. Baadaye maofisa wa nchi hiyo walikiri kwamba mpango haukufaulu. Walitimiza kilo, lakini mlima haukusafishika.

Sasa tutazame afya zetu. Mlima huu ndio kisima chetu. Maji yake hulisha mifongo, chemchemi na mito ya Weruweru, Kikafu, Karanga na Rau. Kinyesi na karatasi za chooni zilizoachwa karibu na kijito huweza kueneza kuhara, homa ya matumbo na minyoo. Huko juu kuna baridi kali, kwa hiyo uchafu huchelewa sana kuoza.

Taka zinazofika chini, mara nyingi mtu huona njia rahisi ni kuzichoma. Moshi wa plastiki una sumu, mojawapo ikiitwa daioksini, ambayo huweza kusababisha saratani. Mtoto mwenye pumu huumia siku ile ile. Majivu nayo yakitupwa kihambani hubaki katika udongo unaotupa ndizi na mboga. Betri ni hatari zaidi, kwa kuwa baadhi yake zina madini kama risasi na kadmiamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Mitungi ya gesi ikitiwa motoni huweza kulipuka.

Tusisahau makopo na chupa zinazotuamisha maji ya mvua. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi, lakini mbu aenezaye homa ya dengi huzaliana katika vyombo vidogo kama hivi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyo hahitaji bwawa. Kopo moja nyuma ya nyumba linamtosha.

Wala madhara hayaishii kwetu. Maji ya mlima huingia Nyumba ya Mungu, yakafuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Chupa iliyotupwa korongoni Kibosho inaweza kuokotwa na mvuvi wa Pangani. Wenzetu wa pwani nao wana taka za wageni wa mahoteli, na wapo walioonyesha njia. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Huko Lamu, mafundi walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndala zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Walionyesha kwamba plastiki iliyokwisha tupwa bado ni mali, ikiwa imekusanywa na kutengwa.

Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Taka zipunguzwe kabla ya safari. Mchele, sukari, tambi na biskuti vihamishiwe kwenye ndoo na makopo yenye vifuniko hapa Moshi, ili vifungashio vibaki mjini. Mgeni apewe chupa ya kudumu na maji yaliyochemshwa.

2. Kila kambi iwe na mifuko mitatu: ya mabaki ya chakula, ya plastiki, chupa na makopo, na ya betri na mitungi ya gesi. Taka zilizochanganyika hakuna anayezinunua. Zilizotengwa hununuliwa na wakusanyaji wa chupa na chuma chakavu.

3. Kampuni za utalii zilipe gharama ya taka hadi mwisho wa safari yake, na gharama hiyo iwe ndani ya bei anayotozwa mgeni. Isikatwe kwenye ujira wa mpagazi. Kijana amebeba mzigo wa kilo 20 kwa siku nyingi. Tukimwongezea taka bila malipo, tunamtia kishawishi cha kuzifukia njiani. Vilevile apewe glavu, sabuni na maji ya kunawa.

4. Halmashauri na hifadhi zikubaliane nani anazipokea taka langoni na zinapelekwa wapi, na wanavijiji waambiwe wazi.

Sisi wenyewe pia tuna wajibu. Wazee wetu hawakuhitaji semina ya taka. Katika kihamba, maganda ya ndizi yalikuwa ya ng'ombe, samadi ikarudi migombani, na majani makavu yakafunika udongo. Kilichobadilika ni kwamba leo plastiki na betri vimeingia kihambani, navyo haviozi. Tuendelee na desturi ya wazee kwa vinavyooza, na visivyooza tuviweke kando. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchagua nyumba moja ya kukusanyia chupa na makopo, na fedha za mauzo zikasaidia wagonjwa wa jumuiya. Betri ziwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na watoto.

Nawe mama au baba mwenye kijana apandaye mlima, akirudi nyumbani usimwulize tu amepata bakshishi kiasi gani. Mwulize pia taka za kundi lake wamezikabidhi kwa nani. Asipokuwa na jibu, basi jambo hilo tulipeleke kwenye mkutano ujao wa kijiji.