Shule, vyuo Mbeya na Iringa vinajua kujitangaza, havijui kujieleza

OKTOBA 2016, Watanzania wengi waliisikia Shule ya Sekondari Mbeya Day kwa mara ya kwanza. Hawakuisikia kwa sababu ya matokeo ya mitihani wala tangazo la nafasi za masomo. Waliisikia kwa sababu ya video iliyopigwa kwa simu ya kiganjani, ikiwaonyesha vijana waliokuwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu.

Tukio lenyewe lilikuwa la mwishoni mwa Septemba. Kwa takriban wiki nzima lilibaki ndani ya kuta za shule. Video iliposambaa, mambo yakaenda kwa kasi: mawaziri wakatoa matamko, polisi wakaingilia kati, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza hatua dhidi ya vijana hao, nao wakafukuzwa vyuoni kwao. Mkuu wa shule akavuliwa madaraka.

Habari hii haikumbushwi hapa kwa nia ya kufukua makaburi. Inakumbushwa kwa sababu tangu wakati huo taasisi za elimu katika mikoa ya Mbeya na Iringa zimejifunza jambo moja kuhusu mitandao ya kijamii, nalo ni kujitangaza. Jambo la pili, yaani nani aseme, aseme lini, na picha ya mtoto itumike kwa idhini ya nani, bado linaachwa lijiendee lenyewe.

Haraka ya kujitangaza ina sababu zake. Hadi mwaka 2017 waombaji wengi wa vyuo vikuu walipangwa kupitia mfumo wa udahili wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mfumo huo ulipoondolewa, mwombaji alianza kuandika moja kwa moja kwa chuo anachokitaka. Ghafla, Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki Ruaha, Teofilo Kisanji na vingine vya ukanda huu vilijikuta vikimbembeleza kijana yule yule anayebembelezwa na vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Kijana huyo hasomi kipeperushi. Anashika simu.

Kwa upande wa sekondari, Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Orodha hizo ndizo zilizoifanya St. Francis Girls ya Mbeya ijulikane hadi kwa mzazi wa Mtwara ambaye hajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini. Bila orodha, kila shule binafsi inabidi ijipigie ngoma yenyewe. Ndiyo maana msimu wa matokeo ukifika, Instagram na Facebook hujaa mabango yenye sura za wanafunzi, majina yao matatu na alama walizopata somo kwa somo.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mtoto huyo wa miaka kumi na sita aliulizwa? Mzazi wake je? Katika shule nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo la kuuliza. Mtoto amefaulu, picha ni nzuri, mzazi atafurahi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na imeunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Picha, jina na alama za mtoto si mali ya shule kwa sababu tu ada imelipwa. Karatasi moja ya idhini, ikijazwa siku mzazi anapomleta mtoto bwenini na godoro lake, ingetosha kuanzia.

Serikali yenyewe haijawa mwalimu mzuri katika hili. Oktoba 2019, baada ya mabweni ya Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya kuungua, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 waliotuhumiwa kukutwa na simu, na kamera zikiwa wazi. Video ilizunguka nchi nzima, na Rais John Magufuli akamuunga mkono mkuu huyo wa mkoa hadharani. Watu walibishana sana juu ya viboko. Wachache walihoji kwa nini adhabu ya watoto wa shule ilirekodiwa. Wanafunzi waliadhibiwa kwa kosa la simu, na ni simu hizo hizo, za watu wazima, zilizoipeleka aibu yao kila kijiji.

Vyuo navyo havijapona. Mwaka 2023 ilisambaa video ya mwanafunzi wa kike wa chuo jijini Mbeya akipigwa na wenzake. Kwa mara nyingine umma uliona kwanza, maelezo yakafuata nyuma.

Kwa nini maelezo huchelewa? Wengi hudhani ni uzembe. Katika shule za serikali mara nyingi ni woga wenye msingi. Kwa utaratibu wa utumishi wa umma, mkuu wa shule hajitokezi tu na kuzungumzia tukio. Anasubiri afisa elimu, naye afisa elimu anamsubiri mkurugenzi wa halmashauri. Ngazi hizo zilipangwa zama ambazo habari ilisafiri kwa basi la asubuhi. Leo mkurugenzi anaweza kuipata video katika kikundi cha WhatsApp cha familia yake kabla barua ya mkuu wa shule haijapigwa mhuri.

Kwa hiyo kumwambia mkuu wa shule peke yake awe na mkakati ni kumwonea. Mkakati unapaswa kuwa wa halmashauri, na uandikwe kabla ya tukio: kwamba ndani ya saa chache mkuu wa shule anaruhusiwa kusema mambo matatu bila kuomba kibali, yaani tukio limetokea, mtoto yuko mahali salama, na taarifa kamili itatolewa saa fulani na mtu fulani. Asiseme zaidi ya hapo, na jina la mtoto lisitajwe. Inaonekana ni kidogo, lakini mzazi aliyeko Makambako akiipata saa nne asubuhi, hatalazimika kusikiliza sauti zisizo na mwenyewe hadi jioni.

Lipo pia suala dogo la nywila, ambalo wakubwa hulidharau. Ukurasa wa shule hufunguliwa na mwalimu kijana anayependa kompyuta, kwa namba yake ya simu na kifurushi anachonunua kwa fedha yake. Akipata uhamisho, ukurasa unahama naye au unakufa. Matapeli hupenda kurasa za namna hiyo, hasa dirisha la udahili linapofunguliwa na wazazi wanapotafuta namba ya kulipia.

Na mitandao yenyewe si ya kuegemea moja kwa moja. Mtandao wa X ulifungiwa nchini Mei 2025, na intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025. Chuo kilichohamishia matangazo yote huko kilibaki bila mdomo. Redio za mikoani, ubao wa matangazo na ujumbe mfupi wa simu bado vina kazi.

Iringa ina bahati ambayo haijatumika ipasavyo. Katika manispaa moja kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho tangu mwaka 2005 kinaandaa walimu, na kuna Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kwa miaka mingi kimefundisha uandishi wa habari. Mmoja anamjua mtoto darasani, mwingine anaijua habari inavyosafiri. Wiki mbili za mafunzo ya pamoja kabla ya wanachuo kwenda mazoezi ya kufundisha hazihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Zinahitaji wakuu wawili wakae meza moja. Kumbuka kwamba waliokuwa mbele ya kamera Mbeya Day walikuwa wanachuo wa mazoezi.

Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu sasa ni mtu mzima. Waliomfukuza kazi au chuo mtu kwa ajili yake wamekwishaondoka katika nafasi zao. Video bado ipo. Mzazi wa leo akiandika jina la shule hiyo kwenye simu ili ajue kama ampeleke mwanawe, huikuta ikimsubiri.